Ruanda ya Mbozi: Miti, ndege na nyota katika kuisubiri mvua

OKTOBA inapoelekea ukingoni katika Kata ya Ruanda, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kazi za shamba huwa zimekamilika isipokuwa moja. Ardhi imelimwa, mabua ya mavuno yaliyopita yamefukiwa au kuchomwa, mbegu imehifadhiwa ndani na mbolea, kwa aliyejaliwa kuipata, imepangwa juu ya mbao isiguse sakafu. Kinachosubiriwa ni mvua.

Kusubiri si kazi ngumu kwa mtu aliyezaliwa katika kilimo. Kazi ngumu ni kutambua, kati ya mvua mbili au tatu zitakazonyesha mwanzoni, ni ipi iliyofungua msimu na ni ipi iliyopita njia tu.

Mbegu ya mahindi ikipata unyevu na joto la kutosha huchipua katika muda wa wiki moja hivi. Mche huo ukikutana na jua kali la wiki mbili bila tone la maji, hunyauka na kufa, na pamoja nao hupotea fedha ya mbegu chotara, mbolea ya kupandia na malipo ya vibarua. Mkulima hulazimika kununua mbegu kwa mara ya pili, wakati ambapo akiba ya nyumbani imekwisha na bei ya dukani haijamwonea huruma.

Aliyechelewa naye hana nafuu. Mbegu za muda mrefu zinazopendwa katika nyanda za juu huweza kukaa shambani miezi mitano hadi sita. Mvua ikikatika hindi likiwa bado bichi, punje husinyaa na gunia hupungua uzito.

Kwa sababu hiyo, tangu enzi ambazo hapakuwa na redio wala kipimo cha mvua, watu wa maeneo hayo walitazama miti, ndege, wadudu, mwezi, nyota na upepo. Dalili hizo zingali zikitazamwa hadi leo. Swali ni ipi kati yake inastahili kuaminiwa kiasi cha kukabidhiwa mbegu ya mwaka mzima.

Ruanda inayozungumziwa hapa isichanganywe na nchi ya Rwanda, wala na Kata ya Ruanda iliyomo ndani ya Jiji la Mbeya. Hii ni kata ya Wilaya ya Mbozi, wilaya ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe wenye makao makuu yake Vwawa. Mbozi kwa asili ni nchi ya Wanyiha. Tambarare za Momba, upande wa magharibi, ni za Wanyamwanga, na milima ya Ileje ni ya Wandali na jirani zao. Kahawa ndiyo inayoleta fedha, mahindi na maharage ndiyo yanayolisha nyumba, na ziada yake huishia katika masoko ya Mlowo na Tunduma, mpakani mwa Zambia.

Msimu mmoja tu

Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Arusha au Mwanza amezoea mwaka wenye mvua za vuli na za masika. Songwe haina bahati hiyo. Kama ilivyo kwa Mbeya, Rukwa, Iringa, Njombe, Ruvuma na mikoa mingine ya kusini, magharibi na kati, mkoa huo hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kumalizika Aprili. Mkulima wa Tanga aliyekosea vuli anaweza kujitetea kwenye masika. Wa Ruanda akikosea mahindi yake Novemba, hurudi kuyajaribu Novemba nyingine.

Chanzo cha mpangilio huo ni safari ya jua. Katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi wa Mbozi, ambayo iko takriban nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Joto hunyanyua hewa, na ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana huteremka kulifuata jua. Pepo kavu za kusini-mashariki zilizotawala tangu Mei hulegea, na hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo huanza kupenya kutokea magharibi.

Dalili zote za asili zinazotajwa katika nyanda hizo zinahusiana na badiliko hilo, baadhi kwa karibu sana na nyingine kwa mbali mno. Hapo ndipo penye tofauti ya dalili inayosaidia na ile inayofurahisha macho tu.

Mti unaochipua katika ukame

Dalili inayotangulia zote ni ya miti. Misitu ya miombo, inayotanda kutoka magharibi na kusini mwa Tanzania hadi Zambia, Malawi na Msumbiji, hufanya jambo ambalo mgeni hushindwa kulielewa. Hutoa majani mapya Septemba na Oktoba, wakati udongo wa juu ni mkavu kama jivu na mvua ya mwisho imesahaulika. Majani hayo huanza na rangi nyekundu, ya shaba au ya zambarau kabla ya kugeuka kijani, hata msafiri anayeutazama msitu kutoka barabarani anaweza kudhani umeshika moto.

Miti hiyo haioni mbele. Mizizi yake mirefu huyafikia maji yaliyosalia chini ya ardhi, mashina huhifadhi akiba, na kinachoiamsha ni joto linalopanda pamoja na mchana unaorefuka. Kwa kutoa majani mapema, hujikuta tayari kuyatumia maji ya mvua ya kwanza badala ya kupoteza majuma ikijiandaa. Ni hesabu iliyofanywa na maumbile kwa vizazi vingi.

Mwaka 2010 watafiti watatu wa Kitanzania, Ladislaus Chang'a, Pius Yanda na James Ngana, walichapisha utafiti kuhusu elimu ya jadi ya kutabiri mvua katika Nyanda za Juu Kusini Magharibi. Kazi yao ilifanyika katika wilaya za Rungwe na Kilolo, ya kwanza ikiwa ni jirani wa Songwe kupitia Ileje. Walibaini kuwa miti ndiyo dalili inayotumika zaidi katika wilaya zote mbili, na kwamba miwili inatajwa kuliko mingine: mhemi, na ule mti wa jamii ya miombo unaoitwa mkwe. Miti hiyo ikichanua mapema na kwa wingi kati ya Julai na Novemba, wazee huhesabu kuwa msimu utakuwa mwema.

Mhemi haukosi kuonekana. Una gome nene lenye miiba, hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi, kisha matawi yaliyo uchi hujaa maua mekundu kama makaa. Anayepita chini yake Agosti hana haja ya kuwa mzee ili autambue.

Jambo lililo muhimu katika utafiti huo, ambalo husahaulika mjadala huu unapogeuzwa kuwa ugomvi wa jadi na sayansi, ni kwamba wataalamu wa jadi na wale wa hali ya hewa walitoa utabiri wao kwa msimu uleule wa 2009/2010. Pande zote mbili zilitarajia mvua za wastani hadi juu ya wastani. Chang'a mwenyewe si mtu wa pembeni katika sayansi hiyo. Baadaye alikuja kuiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na Julai 2023 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC.

Hata hivyo, msimu mmoja wa kukubaliana hautoshi kuwa ushahidi. Ua ni jibu la mti kwa yale yaliyokwisha kuupata: baridi ya Juni na Julai, maji yaliyobaki ardhini kutoka msimu uliopita, na joto la Septemba. Ikiwa mambo hayo yanafungamana na mvua ijayo, mti utakuwa umesema kweli. Yasipofungamana, utachanua vilevile.

Mfano mzuri ni mwembe. Katika sehemu nyingi za nchi husemwa kwamba maembe yakizaa kupita kiasi, mwaka unaokuja ni wa njaa. Mwembe huchanua vizuri baada ya kipindi kikavu na cha baridi, na mvua ikinyesha juu ya maua, ukungu huyashambulia na kuyaangusha. Embe nyingi kwa hiyo ni kumbukumbu ya kiangazi kilichokuwa kikavu kwelikweli. Kuligeuza kumbukumbu hilo kuwa utabiri wa mwezi Januari ni hatua ndefu.

Wakazi wa mijini nao wana miti yao. Mjakaranda unaozijaza rangi ya zambarau barabara za miji mingi mwezi Oktoba ulitoka Amerika ya Kusini, na mkrismasi wenye maua mekundu asili yake ni Madagaska. Yote miwili huchanua karibu na mvua, na watu huitumia kama dalili bila kujali kwamba ni wageni.

Mwenye sauti ya maji

Kwa ndege, sifa zote humwendea dudumizi. Ni ndege wa vichakani, mwenye mgongo wa kahawia na mkia mrefu, asiyependa kuruka mbali. Sauti yake hushuka kwa mfululizo kama maji yanayomiminwa kutoka kibuyu chenye shingo nyembamba. Utafiti wa mwaka 2010 ulimtaja miongoni mwa dalili bora za mvua, na sifa hiyo anayo pia Kenya na katika nchi nyingi za kusini.

Kwa nini anaaminika? Majira yake ya kuzaliana huendana na mvua, kwa kuwa ndipo panapokuwa na majani marefu ya kufichia kiota na wadudu wa kuwalisha makinda. Huimba zaidi hewa inapokuwa na unyevu. Kwa maneno mengine, dudumizi anaeleza hali iliyopo tayari, ambayo pua na ngozi ya binadamu haijaitambua. Anayemsikia akiimba mfululizo alasiri anaweza kuanua nguo. Kuamua siku ya kupanda ni suala jingine.

Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye ngozi nyekundu kooni anayetembea chini kwa makundi, naye huhusishwa na mvua katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kusini kutokana na mngurumo wake wa alfajiri, ambao ukiusikia kwa mbali ni kama radi hafifu. Kumwua huhesabiwa kuwa mwiko, na pengine mwiko huo ndio uliomlinda hadi sasa, kwani ni ndege anayezaliana polepole mno.

Mbayuwayu na korongo weupe wanapaswa kuwekwa kando. Hawa hutoka Ulaya, huondoka huko baridi inapokaribia, na hufika kwetu kati ya Septemba na Novemba kila mwaka, mvua iwepo au isiwepo. Kuwasili kwao kunamwambia mtu tarehe. Hakumwambii lolote kuhusu mvua ya Mbozi, kwa kuwa walipofunga safari walikuwa wakikimbia baridi ya Poland au Ujerumani.

Wadudu wana hadhi tofauti. Sisimizi wanaohamisha mayai kutoka mashimo ya bondeni kwenda mahali palipoinuka, au siafu wanaovuka njia kwa misururu, hutazamwa kama ishara ya mvua ya saa au siku chache zijazo. Kumbikumbi, wanaosubiriwa kwa hamu na watoto na kwa sufuria na mama zao, hawatangulii mvua. Huifuata. Mchwa hufungua milango ya kichuguu na kuwatoa wenye mbawa baada ya mvua kuulowesha udongo kiasi cha kuwawezesha dume na jike kuchimba makao mapya.

Hapo kuna jambo ambalo halipewi uzito unaostahili. Mkulima hahitaji kujua kama mvua itanyesha kesho kadiri anavyohitaji kujua kama iliyonyesha jana imezama ardhini. Kumbikumbi akiruka kwa wingi, kichuguu kimetoa hukumu kuhusu hali ya udongo. Kati ya dalili zote zinazosimuliwa, hii ambayo haitabiri chochote ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji ya mwenye jembe.

Mwezi, Kilimia na upepo

Usiku nao una dalili zake. Duara la mwanga linalouzunguka mwezi hutajwa karibu kila mahali kuwa ni alama ya mvua, na lina msingi. Hutokana na mwanga kupinda ndani ya chembe za barafu za mawingu membamba yaliyo juu sana, ambayo mara kwa mara hutangulia mawingu mazito. Lakini yapo mawingu membamba yasiyofuatwa na kitu, na duara likaonekana usiku wa kiangazi bila tone kuanguka.

Mwezi mwandamo ulioinama, unaodaiwa kumwaga maji, hauna msingi huo. Mwinamo wa mwezi hutegemea majira ya mwaka na mahali alipo mtazamaji, nao hurudi karibu vilevile kila mwaka. Kitu kinachojirudia katika mwaka wa neema na katika mwaka wa njaa hakiwezi kutofautisha miaka hiyo miwili.

Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho jina lake lenyewe limetokana na kulima, ni kisa cha aina hiyohiyo lakini chenye heshima zaidi. Hupotea katika mwanga wa jua mwezi Mei, hutokeza tena upande wa mashariki kabla ya alfajiri mwezi Juni, na kufikia katikati ya Novemba huchomoza wakati jua linapotua na kukaa angani usiku kucha. Kwa nchi ya msimu mmoja kama Mbozi, kuonekana kwake jioni ni sawa na kengele ya shule: wakati umefika. Kabla ya kalenda za ukutani hapakuwa na saa sahihi kuliko hiyo. Kosa huanza pale kengele inapochukuliwa kuwa ni mwalimu.

Upepo ndio dalili ambayo fizikia yake haina utata. Vumbi la kisulisuli linalozunguka mashambani Septemba huonyesha ardhi iliyopata joto chini ya hewa kavu. Upepo wa kusini-mashariki unapokatika, joto la usiku likapanda na mawingu yakaanza kusimama kama minara upande wa magharibi ifikapo alasiri, basi ule unyevu wa Kongo umeanza kufika. Oktoba yenye joto kali huchukuliwa na wakulima wa sehemu nyingi kuwa ni mwanzo mwema, nao hawako mbali na kitabu: joto ndilo linaloivuta hewa hiyo.

Ikumbukwe kwamba kutabiri mvua na kuiomba mvua ni mambo mawili. Jamii za eneo hilo zilikuwa na matambiko yaliyosimamiwa na watemi, na kule Rungwe msitu wa Lubaga ulijulikana kwa tambiko la Lwembe. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, na sehemu ya elimu iliyohifadhiwa na watu wa tambiko, yakiwamo majina ya miti na masharti ya kutoikata, ilipungukiwa na walinzi.

Utabiri wa TMA unavyosomeka

Wakala wa Hali ya Hewa ulianzishwa mwaka 1999 na kugeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba hadi Aprili kuanza, TMA hutoa utabiri wa msimu unaoeleza matarajio ya kila eneo kwa makundi matatu: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Hutaja pia wiki ambazo mvua inatarajiwa kuanza na kumalizika.

Malalamiko mengi dhidi ya utabiri huo hutokana na kuusoma kama ahadi. Wastani si kiasi kimoja bali ni upana mzima wa viwango, na jumla ya mvua za miezi sita inaweza kuwa ya wastani huku Desemba yote ikiwa kavu na Machi ikiwa mafuriko. Zaidi ya hayo, mvua za mwanzo wa msimu huletwa na mawingu ya radi yanayoweza kulowesha kilima kimoja na kukiacha cha pili kikavu. Hakuna utabiri wa mkoa unaoweza kujua ni upande gani wa mto utanyeshewa siku ya Alhamisi. Kwenye pengo hilo ndipo dudumizi, sisimizi na mawingu ya magharibi yanapopata kazi.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna mti wala ndege anayeweza kulijua, nalo ni hali ya bahari. El Nino huanzia katika maji ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka Ruanda. Mvua kubwa za mwaka 1997/98 zilizong'oa madaraja na reli nchini zilihusishwa nayo. Nguvu yake, hata hivyo, huonekana zaidi kaskazini mwa nchi na ukanda wa pwani, ilhali kusini mwa Afrika huleta kinyume chake, yaani ukame.

Songwe imekaa mahali ambapo mizani hiyo hupinduka. Msimu wa 2023/24 ulikuwa mfano ulio wazi. Wakati maeneo mengi ya Afrika Mashariki yakipambana na mafuriko, Zambia, ambayo kwa mtu wa Tunduma ni ng'ambo ya barabara, ilikumbwa na ukame mkali hata Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa Februari 29, 2024, na nchi hiyo ikageukia mahindi ya Tanzania. Mtu aliyesikia "El Nino" redioni na kuelewa kuwa ni mvua nyingi kila mahali alikuwa ameelewa nusu ya habari.

Magharibi mwa Kenya kumefanyika jaribio la kuziweka elimu hizi mbili meza moja. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, ambao kwa vizazi umetunza misitu ya tambiko na kujulikana kwa kutabiri mvua, ulishirikiana tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya pamoja na kituo cha tabianchi cha kikanda, ICPAC. Kila upande ulileta utabiri wake, wakalinganisha, kisha wakatoa tangazo moja kwa lugha ya wenyeji. Faida iliyoonekana ni kwamba watu walilisikiliza tangazo hilo, kwa kuwa lilitoka kwa watu wanaowafahamu.

Dalili zinazopotea

Elimu ya jadi haipotei kwa sababu vijana wana simu. Hupotea kwanza kwa sababu dalili zenyewe zinaondoka. Takwimu za Serikali zilionyesha kuwa Tanzania ilipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka kati ya 2002 na 2013, na miombo, ambayo hutoa mkaa mzuri, ilibeba sehemu kubwa ya hasara hiyo. Kijiji kilichobakiwa na mhemi mmoja kando ya shule hakina tena dalili, kwa sababu elimu hiyo ilitegemea kuitazama miti mingi kwa wakati mmoja. Mti mmoja unaweza kuchanua mapema kwa kuwa umesimama karibu na kisima.

Pili, uhusiano wa joto na mvua ambao wazee waliusoma kwa vizazi haujatulia. Mwaka 2024 ulitangazwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa wenye joto kubwa zaidi katika kumbukumbu. Mti unaoamshwa na joto utaamka mapema zaidi dunia inapokuwa na joto zaidi, bila mvua kulazimika kuufuata. Hiyo ndiyo hatari kubwa kwa anayeitegemea dalili ya maua peke yake: maua yatazidi kusema "mapema", na mbegu itazidi kuwahi ardhini.

Wazee wenyewe hawakuwa wakiamini dalili moja. Maua ya Agosti yaliwafanya waandae shamba, Kilimia kiliwaambia tarehe, upepo na mawingu viliwafanya wanoe majembe, na udongo ndio uliotoa idhini. Kinachofikia masikio ya mjini leo ni vipande vya mfululizo huo, mara nyingi kile kipande chenye kuvutia zaidi, kama mwezi ulioinama.

Idhini ya udongo bado inatafutwa kwa njia ileile. Mkulima huchimba kwa jembe baada ya mvua ya kwanza nzito. Akikuta vumbi chini ya tabaka la tope, huahirisha, hata kama jirani ameanza kupanda. Akikuta unyevu umefika kina cha jembe zima, na mvua ya pili ikaja ndani ya siku chache, hufungua mfuko wa mbegu.

Mkahawa nao hutoa ushahidi, ingawa huja kwa kuchelewa. Vikonyo vya maua hulala katika kiangazi chote na kufumbuka wiki moja hadi siku kumi baada ya mvua ya kutosha, shamba zima likawa jeupe na harufu ikafika barabarani. Mvua ya kudanganya huufumbua mkahawa nusu. Sehemu nyingine ya maua huja na mvua ya pili, na nyingine na ya tatu, na matokeo yake huonekana miezi mingi baadaye, wachumaji wanapolazimika kurudi kwenye mti uleule mara nne au tano kufuata tunda lililoiva, wakilipwa kila wanaporudi.

Kwa mahindi, wengi hawaweki mbegu yote katika siku moja. Sehemu hupandwa na mvua ya kwanza iliyoaminika, sehemu husubiri wiki moja au mbili. Kipande kilichoungua na jua hupandwa tena mbegu ya muda mfupi ikiwa Desemba haijaisha. Ikiwa imekwisha, huachwa hadi Februari au Machi, kikapandwa maharage, ambayo hukomaa kwa unyevu wa mwisho wa mvua na umande wa asubuhi za baridi zinazoingia Mei.